Bwana Spicer-Simson na Amri ya Ziwa

Msomaji wa Kasulu au Kibondo akishuka Kigoma hakosi kusikia habari za meli Liemba, ambayo Wadachi waliiunda wakaiita Götzen. Lakini habari za mtu aliyetumwa ili ailetee meli hiyo mwisho wake, naye asiikaribie, si wengi wanaozijua. Mtu huyo ni Geoffrey Spicer-Simson, afisa wa manowari za Waingereza.

Alizaliwa mwaka 1876 mjini Hobart, katika kisiwa cha Tasmania. Akaingia utumishi wa bahari angali kijana mdogo, akapima maji ya China, na baadaye mto Gambia. Kazi ya kupima aliijua vema. Lakini cheo chake hakikupanda kama vya wenzake, kwa kuwa alikuwa mtu wa majivuno, apendaye kusimulia makuu aliyoyatenda, na mengine ambayo hakuyatenda. Mwezi wa Novemba 1914 manowari moja miongoni mwa zile alizokabidhiwa kuziangalia ilipigwa ikazama karibu na pwani ya Uingereza, naye saa ile yupo hotelini.

Mwaka 1915 mwindaji mmoja, jina lake John Lee, alikwenda London akawaeleza wakuu kwamba Wadachi wanalitawala ziwa lote la Tanganyika, na kwamba mashua ndogo za mwendo mkali zaweza kuletwa kwa njia ya Kongo. Shauri likakubaliwa. Lakini amri akapewa Spicer-Simson, na Lee akawekwa chini yake. Lee akatangulia Kongo kuitafuta njia. Kisha mkuu wake akamwondoa, kwa mashitaka ya ulevi na ya kuwatukana Wabelgiji. Basi mwenye shauri akafukuzwa katika shauri lake mwenyewe. Hivyo ugomvi wa amri ulianza hata kabla maji ya ziwa hayajaonekana.

Mashua zenyewe zilikuwa mbili, Mimi na Toutou, kila moja urefu wake futi 40. Zilichukuliwa kwa meli mpaka Cape Town, kwa reli mpaka Fungurume, kisha zikakokotwa na mashine za mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba. Vitabu vya Wazungu huwasifu sana maafisa kwa safari hii. Walakini waliofyeka msitu, waliotengeneza madaraja na kubeba maji ya kuzinywesha mashine zile ni watu wa Kongo, na majina yao hayakuandikwa. Mwezi wa Oktoba mashua zikafika ziwani.

Tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata meli ndogo ya Wadachi, Kingani, katika mapigano ya dakika 11 tu. Wakaitengeneza, wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Spicer-Simson akawa mtu mkuu. Alitembea amevaa vazi mfano wa kikoi, mwili wake umechanjwa picha za nyoka, na Waholoholo wa pwani ile wakafinyanga sanamu zake kwa udongo.

Muda si mrefu Götzen mwenyewe akatokea, akiitafuta Hedwig. Hiyo ilikuwa meli ya urefu wa meta 67 na zaidi, yenye mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari Königsberg. Mabaharia wakajiweka tayari, wakingoja neno. Spicer-Simson akakataa. Wakasimama ufukweni wakaitazama ikipita polepole hata ikatoweka, na wengine walikasirika mno.

Je, alikosa? Mimi nadhani hakukosa. Mzinga ule ungaliweza kuzivunja mashua za mbao kabla hazijakaribia. Lakini aliyezoea kujisifu, akikataa siku moja, watu husema ameogopa. Yafaa kumlinganisha na Vasili Arkhipov, afisa wa Kirusi. Mwezi wa Oktoba 1962, karibu na Cuba, alikuwamo katika B-59, manowari iendayo chini ya maji, yenye silaha moja ya nyuklia. Wamarekani walipowatupia baruti majini, nahodha Savitsky alidhani vita imekwisha kuanza, akataka silaha ile itayarishwe. Mmoja wa waliokuwamo alisimulia baadaye kwamba Arkhipov ndiye aliyemtuliza. Mwaka uliotangulia alikuwa katika K-19 wakati mtambo wake wa nyuklia ulipoharibika, na mwenendo wake siku zile ulimpatia heshima. Neno lake la kukataa likasikiwa. La Spicer-Simson halikuwa na akiba kama hiyo.

Wabelgiji nao walitaka merikebu zote ziungane kuishambulia Kigoma. Hakukubali. Akaondoka kwenda Kongo kutafuta meli kubwa zaidi, akarudi mwezi wa Mei. Mwezi wa Juni akatumwa kusini, Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, azuie Wadachi wasitoroke kwa maji wakati jeshi la Rhodesia likija kwa nchi kavu. Akaiona mizinga juu ya boma, akarudi nyuma mpaka Kituta. Wadachi wakatoka usiku kwa mashua, wakaenda zao. Boma lilipoingiwa, mizinga ile ikaonekana ni magogo. Kanali Murray, mkuu wa jeshi lile, akamkemea. Baada ya hapo Spicer-Simson akajifungia kwa huzuni, hata daktari akamrudisha Uingereza.

Götzen naye alikuwa amekwisha kunyang'anywa mzinga wake mkubwa kwa haja ya vita vya bara, akabakiwa na wa mti. Tarehe 26 Julai 1916 Wadachi wenyewe wakamzamisha, mafundi wakiwa wameipaka mitambo mafuta mazito isiharibike. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma, nao ndio waliotutawala Buha mpaka mwaka 1921. Waingereza wakaiinua meli mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Spicer-Simson alipewa nishani na Waingereza na Wabelgiji pia, lakini hakupewa tena amri ya merikebu. Tangu mwaka 1921 hata 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya mataifa ya upimaji wa bahari, huko Monaco, akashughulika na ramani za maji, kazi ile aliyoianza ujanani. Alifariki Kanada, mwezi wa Januari 1947.