George Eastman: Karani wa benki aliyeifanya kamera kuwa ya kila mtu

Leo unapiga picha kwa simu bila kuwaza kemikali wala vioo. Zamani mpiga picha alibeba vyote hivyo, na kazi hiyo waliiweza wachache.

George Eastman alizaliwa mwaka 1854 katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake alifariki akiwa bado mtoto. Alipofika miaka 14 aliacha shule akafanye kazi, amsaidie mama yake mjane. Baadaye akawa karani wa benki mjini Rochester. Mchana alihesabu fedha, usiku alifanya majaribio ya picha jikoni kwa mama yake.

Mwaka 1888 alitoa kamera ya Kodak, jina alilolibuni mwenyewe. Iliuzwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100. Zikiisha, mteja aliituma kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10, akarudishiwa picha zake na kamera yenye filamu mpya. Matangazo yaliahidi kwamba kazi ya mteja ni kubonyeza kitufe tu.

Hata hivyo, dola 25 zilikuwa nyingi kwa mtu wa kipato cha chini. Mwaka 1900 ikaja Brownie, ya dola 1, na matangazo yakawalenga watoto. Familia za kawaida nazo zikaanza kutunza sura za wapendwa wao.

Mwaka 1926 Eastman alifika Kenya kwa safari ya kuwinda. Akiteswa na maradhi ya uti wa mgongo, alijitoa uhai mwaka 1932, akiwa na miaka 77. Sehemu kubwa ya mali yake alikuwa ameshaitoa kwa vyuo na huduma za afya.