Mikono Iliyopinduka: Maisha ya Papwa Sewgolum

Habari ifuatayo ni ya ufahamu na sarufi. Mwalimu-tarajali aisome mara mbili: kwanza kimya, apate maana, kisha kwa sauti, akizingatia viambishi -li-, -ka-, -ki- na hu-, na kazi inayofanywa na kila kimoja katika usimulizi.

Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana zaidi kwa jina la Papwa, alizaliwa katika familia maskini yenye asili ya Kihindi mjini Durban, Afrika Kusini. Hakupata elimu ya shule, wala hakujua kusoma na kuandika. Angali kijana mdogo alianza kuwabebea wachezaji gofu mifuko ya fimbo katika uwanja wa Beachwood ili apate chochote cha kusaidia nyumbani. Alipokuwa akiwafuata nyuma aliwatazama kwa makini, na muda wa kazi ukiisha alijifunza mwenyewe kupiga mpira kwa fimbo ya kuchonga.

Ili kuuelewa ustadi wake, yafaa tujue kwanza desturi ya mchezo wenyewe. Mchezaji wa mkono wa kulia huushika mpini wa fimbo kwa kuweka mkono wa kushoto juu na wa kulia chini yake. Ushikaji ulioenea zaidi duniani, ambao kidole kidogo cha mkono wa kulia hulalia mkono wa kushoto, hutajwa kwa jina la Harry Vardon, bingwa wa kisiwa cha Jersey aliyeshinda mashindano ya wazi ya Uingereza mara 6. Baada ya kushika fimbo, mchezaji huirudisha nyuma pasipo haraka, hugeuza mabega na kiuno, na uzito wa mwili huelemea mguu wa nyuma. Fimbo ikishuka, uzito huo huhamia mguu wa mbele. Ugumu wa gofu hauko katika kupiga pigo moja zuri, kwa maana hata mgeni wa mchezo huweza kulibahatisha. Ugumu uko katika kulirudia pigo lile lile shimo baada ya shimo, hadi mashimo yote 18 yaishe, na kesho yake kuanza upya.

Papwa aliipindua desturi hiyo. Aliweka mkono wa kulia juu na wa kushoto chini, ingawa alisimama kama wachezaji wengine wa mkono wa kulia. Waliomwona mara ya kwanza walidhani kwamba mikono ingemkwaza na nguvu ya pigo ingepotea. Haikuwa hivyo. Kwa kuwa alizoea ushikaji huo tangu utotoni, na hakuubadili, viungo vyake viliukariri mwendo mmoja hadi ukawa tabia. Mpira ulikwenda alikoukusudia.

Miongoni mwa waliomtumia Papwa kama mbeba mifuko alikuwamo Graham Wulff, mfanyabiashara Mzungu. Wulff alikitambua kipaji chake, akamgharamia safari ya Ulaya. Mwaka 1959 Papwa akashiriki mashindano ya wazi ya Uholanzi, akawashinda wachezaji waliofunzwa na walimu mashuhuri, akarejea Durban akiwa bingwa. Alishinda tena huko mwaka 1960 na mwaka 1964.

Nyumbani, hata hivyo, sheria za ubaguzi wa rangi zilimtenga. Ilimlazimu kuombewa kibali kila alipotaka kucheza na Wazungu, na hata alipokipata, jumba la klabu lilibaki marufuku kwake. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya wazi ya Natal katika uwanja wa Durban Country Club. Siku hiyo mvua ilinyesha. Wazungu walijikinga ndani ya jumba. Bingwa akakabidhiwa kombe lake nje, mvuani. Picha ya tukio hilo ilienea ulimwenguni, ikawapa nguvu waliokuwa wakidai kwamba Afrika Kusini itengwe katika michezo ya kimataifa.

Mwaka 1965 alishinda tena mashindano ya Natal, safari hii akimpita Gary Player, ambaye mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa wazi wa Marekani. Ushindi huo haukumfungulia mlango. Serikali ilimnyima vibali vya kushiriki mashindano makubwa ya nchini, na pasipoti yake ikazuiliwa asiweze kutafuta riziki ng'ambo. Mikono iliyokuwa na uwezo wa kumlisha ikakosa kazi. Papwa alifariki mwaka 1978 akiwa maskini, kabla ya kuuona mwisho wa ubaguzi. Leo kuna uwanja wa gofu mjini Durban unaoitwa kwa jina lake.

Mazoezi

1. Kwa nini mwandishi anasema kwamba ugumu wa gofu uko katika kulirudia pigo? Jibu kwa maneno yako mwenyewe.

2. Orodhesha vitenzi vyenye kiambishi hu- vinavyoeleza desturi ya kupiga mpira. Kwa nini -li- isingefaa mahali pake?

3. Eleza kazi ya -ka- katika vitenzi akamgharamia, akashiriki, akawashinda na akarejea. Kisha linganisha -ki- ya ukiisha na ile ya akimpita: ipi huonyesha sharti au wakati, na ipi huonyesha tendo lililoambatana na jingine?

4. Andika wingi wa: pigo lile lile, mkono wake wa kulia, uwanja unaoitwa kwa jina lake.

5. Mwanafunzi wako wa Juba, aliyekua akizungumza Kiarabu cha Juba, lugha isiyo na ngeli, husema kitabu yangu na kiti mzuri. Tunga sentensi 10 za kurudiwa darasani zitakazomjengea tabia ya upatanisho sahihi pasipo kumtia aibu mbele ya wenzake.

6. Jadilini kwa vikundi: Papwa angefundishwa utotoni kubadili ushikaji wake, angepata nini na angepoteza nini? Mwalimu wa lugha atajuaje kosa linalopaswa kusahihishwa na upekee unaopaswa kuachwa?