Siti binti Saad

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu zetu mliokwisha kuondoka hapa, nataka kuwasimulieni habari za mwimbaji mmoja wa Unguja. Hapa Kampala nimechekwa mara nyingi kwa kupenda Kiswahili. Naambiwa ni lugha ya askari na ya sokoni. Laiti wanaonicheka wangesoma kitabu cha Shaaban Robert juu ya maisha ya Siti binti Saad, nilichokisoma likizo iliyopita!

Siti alizaliwa Fumba, yapata mwaka 1880, katika ukoo wa watumwa. Hata jina alilopewa lilikuwa hilo hilo, Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye. Hakujua kusoma wala kuandika. Alijifunza kufinyanga kwa mama yake, akawa anavitembeza vyungu huku akiimba, na watu wakiisikia sauti yake toka mbali hujua kwamba vyungu vinakuja.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Muhsin Ali alimfundisha kuimba kwa kufuata ala, kisha akaingia katika kundi la akina Subeti, Budda, Mbaruku na Maalim Shaaban. Yafaa mjue ya kuwa taarabu ya siku zile ilikuwa ya majumba ya wakubwa, tena ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba Kiarabu pia, lakini aliingiza Kiswahili, lugha ya wachukuzi na wapishi, katika baraza zile zile, na wakubwa wakakaa wakamsikiliza. Wenye wivu walimsuta katika nyimbo kwa sura yake na asili yake ya shamba. Naye aliwajibu kwa wimbo.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay pamoja na wenzake kutiwa sauti katika sahani za santuri za kampuni ya His Master's Voice. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia. Mimi hupenda kumfikiria melini, hana daftari hata moja, nyimbo zote zimo kichwani, anavuka bahari kwenda kuimba mbele ya mashine. Sahani zile zilienea pwani na bara, zikapigwa mikahawani, na watu wasiopata kuiona Unguja wakaijua sauti yake.

Shaaban Robert alimkuta mzee, akamsikiliza akieleza maisha yake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950, kabla kitabu hakijachapishwa. Nyimbo zake Bi Kidude aliendelea kuziimba mpaka uzeeni, naye alifariki mwaka 2013.