Uhai Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wanafunzi wengi humjua Florence Nightingale kwa taa yake. Husimuliwa jinsi alivyozunguka wadini usiku wa manane akiwatazama askari waliojeruhiwa vitani. Simulizi hiyo si ya uongo, lakini imeifunika kazi yake iliyo kubwa zaidi. Kwa maoni yangu, mwanamke huyu astahili kukumbukwa kwa daftari kuliko kwa taa, kwani aling'amua mapema kwamba hesabu za wagonjwa zisipooana, watu hufa na sababu isijulikane.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, akapewa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali. Baba yake alimfundisha lugha kadhaa, naye binti akaipenda mno hisabati. Alipotaka kuwa muuguzi, jamaa zake walimpinga vikali kwa kuwa kazi hiyo ilidharauliwa. Hakukata tamaa, mwaka wa 1851 alikwenda kujifunza Kaiserswerth, Ujerumani.

Mnamo Novemba 1854 aliwasili Scutari, Uturuki, pamoja na wauguzi 38, kuwahudumia askari wa Uingereza waliokuwa wakipigana na Warusi huko Crimea. Alikuta msongamano, uvundo na mifereji ya maji machafu iliyoziba. Kufikia Februari 1855, takriban wagonjwa 42 kati ya kila 100 walikuwa wakifa. Tume ya usafi ilipofika mwezi wa Machi na kuizibua mifereji hiyo, vifo vilianza kupungua kwa kasi.

Fauka ya uchafu huo, palikuwa na kasoro nyingine isiyonuka. Vifo viliandikwa katika rejista tatu tofauti, kila moja na mwandishi wake, na jumla zake hazikulingana. Ugonjwa uleule uliitwa hivi na daktari huyu, vile na daktari yule. Basi nani angeweza kuiambia serikali kwa yakini ni wangapi waliokufa, na kwa nini?

Aliporejea kwao mwaka wa 1856, alishirikiana na William Farr, mtaalamu wa takwimu aliyekuwa akiainisha sababu za vifo katika ofisi ya usajili ya Uingereza. Walizipanga upya hesabu za vita na kubainisha kwamba askari wengi waliuawa na maradhi yanayozuilika, wala si na risasi. Nightingale aliyaonyesha hayo kwa michoro ya rangi ili hata waziri asiyependa tarakimu aelewe. Mwaka wa 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Chama cha Takwimu cha London.

Kisha akazigeukia hospitali za raia. Alitunga fomu za aina moja za kuonyesha waliolazwa, waliopona, waliokufa na muda waliokaa, kwa kila ugonjwa, umri na jinsia. Mkutano wa kimataifa wa takwimu uliofanyika London mwaka wa 1860 uliziunga mkono. Hata hivyo, hazikudumu. Hospitali zililalamikia gharama na kazi nyingi, na madaktari wakabishana juu ya orodha ya majina ya magonjwa. Nightingale alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Orodha ya kimataifa ya sababu za vifo ilikuwa imekubaliwa mwaka wa 1893, na mwaka wa 1948 Shirika la Afya Duniani likaichukua.

Kwa sisi wanaisimu, ubishi huo wa majina ndio kiini cha jambo. Chukua neno homa. Mama akisema mtoto wake ana homa, huenda ni malaria, huenda ni mafua. Tuna homa ya matumbo, homa ya mapafu na homa ya manjano, maradhi yasiyofanana kwa asili wala kwa tiba. Safura nayo ni upungufu wa damu, na pia ni ugonjwa wa minyoo uuletao. Kinachoitwa degedege na wazazi wa Pwani, daktari aweza kukiandika kuwa malaria kali. Mmoja akiandika degedege na mwenzake malaria, mtoto mmoja huweza kuhesabiwa mara mbili, au asihesabiwe kabisa.

Mwaka wa 2011 Kenya ilieneza nchini kote mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2 ili kuziweka pamoja taarifa za zahanati na hospitali. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini kompyuta haijui kuwa Mohamed wa rejista ya kifua kikuu ndiye Muhammad wa rejista ya ukimwi. Mashine huunganisha yale tu ambayo wanadamu wamekwisha kukubaliana jinsi ya kuyaita.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nightingale alitufunza kuwa uhai nao ni vivyo hivyo. Walimu wanapoisimulia taa yake, na wawaeleze wanafunzi habari za fomu zake pia. Miongoni mwao wamo makarani na wauguzi wa kesho, watakaoshika kalamu mgonjwa akiwa mbele yao.