Solon, mtu aliyekataa kuwa dikteta

Nilipoingia chuo nilikuwa najua kwamba demokrasia ilianzia Athens, kwa namna ile ile ambayo kila mtu anajua, yaani bila kujua chochote. Nilidhani Wagiriki waliamka asubuhi moja wakaanza kupiga kura. Kumbe wakati huo hapakuwa hata na nchi moja inayoitwa Ugiriki. Palikuwa na mamia ya miji, kila mji ni dola, na kila dola inajitawala inavyojua yenyewe. Sparta walikuwa na wafalme wawili kwa mpigo, na baraza la wazee juu yake. Korintho ilikuwa chini ya ukoo wa Kypselos, aliyetwaa madaraka kwa nguvu. Na Athens yenyewe, karne ya 7 KK, ilikuwa mikononi mwa koo chache za wakubwa. Ukizaliwa humo, unatawala. Usipozaliwa humo, pole.

Mtu aliyenifungua macho katika habari hizi ni Solon.

Alitoka ukoo mkubwa lakini mali yake ilikuwa ya kawaida tu, na inasemekana ujana wake alifanya biashara ya baharini. Alikuwa pia mshairi. Hili si pambo: mashairi yake ndiyo sehemu ya maneno yake iliyobaki, na humo ndimo alimojitetea mbele ya wananchi. Mwanasiasa wa kutetea sera zake kwa beti! Husimuliwa kwamba Athens ilipochoka kupigania kisiwa cha Salamis na kukataza mtu yeyote asiliguse tena jambo hilo, Solon alijifanya mwendawazimu, akaenda sokoni na kuwasomea watu shairi la kuwachochea warudi vitani. Mwendawazimu hashitakiwi.

Lakini kilichokuwa kinaitafuna Athens si kisiwa, ni madeni. Mkulima akikopa, dhamana ni shamba, na shamba likiisha, dhamana ni yeye mwenyewe. Mashambani palisimikwa mawe ya kuonyesha kwamba ardhi hii imefungwa na deni. Wako waliotoa sehemu ya sita ya mavuno yao kwa tajiri kila mwaka. Walioshindwa walifanywa watumwa, wao na watoto wao, na wengine waliuzwa nje kabisa. Sisi tunaosoma kwa mkopo huwa tunalalamika bumu likichelewa, na tuna haki ya kulalamika, ila hebu fikiria mkopo ambao ukikwama unauzwa wewe.

Mwaka 594 KK, huku mji ukinusa damu, pande zote mbili zilikubaliana kumpa Solon ukuu wa serikali na kazi ya kuwapatanisha. Matajiri walimwona ni mwenzao, maskini walimwona ni mwadilifu. Akafuta madeni hayo. Akapiga marufuku kumkopesha mtu kwa dhamana ya mwili wake. Mawe yaking'olewa. Hata waliouzwa ng'ambo aliwarudisha baadhi yao, na yeye mwenyewe aliandika kwamba wako waliokaa mbali mpaka wakasahau lugha ya kwao. Hapo mimi huwa nasimama kidogo kila nikisoma.

Sasa sikia hii. Inasimuliwa kwamba kabla hajatangaza, aliwadokezea marafiki zake wa karibu. Wakakimbia kukopa fedha nyingi, wakanunua ardhi, kisha madeni yakafutwa na wao wakabaki na mashamba. Watu wakamgeukia Solon. Kilichomwokoa, inasemekana, ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa anawadai watu, na fedha zake zilipotea kama za wengine. Mimi naamini hakuiba. Naamini pia kwamba alikuwa na mdomo mwepesi mbele ya watu wasiofaa, na kwa kiongozi hilo ni kosa tosha.

Kisha akabadili muundo wa utawala. Aliwagawa raia katika matabaka 4 kwa kipimo cha mavuno: wa juu walivuna vipimo 500 kwa mwaka, waliofuata 300, kisha 200, halafu waliobaki. Vyeo vikubwa vilikuwa vya tabaka la juu, na wa mwisho hawakupata cheo chochote. Tukiliona leo tunaguna. Ila babu yako huwezi kumbadilisha, mavuno unaweza kuyaongeza, kwa hiyo mlango ulikuwa umefunguka ufa. Na wale wa mwisho aliwaingiza katika mkutano wa raia na, zaidi ya hapo, mahakamani. Raia angeweza kukata rufaa kutoka kwa hakimu mkubwa kwenda kwa raia wenzake, na mtu yeyote angeweza kushitaki kwa niaba ya aliyeonewa. Wanawake, wageni na watumwa walionunuliwa nje hawakuguswa na neema hii. Aliwatoa Waathens utumwani, utumwa wenyewe hakuugusa.

Marafiki walimshauri ajifanye mtawala wa peke yake, maana nguvu alikuwa nayo na miji mingine ilikuwa imeshazoea. Alikataa, wakamcheka kwamba ameshika samaki wavuni akamwachia. Matajiri walikasirika kupoteza fedha, maskini walikasirika kwamba hakugawa ardhi. Akaona akibaki atasumbuliwa kila siku abadili kipengele hiki na kile, akaondoka kwa miaka 10. Misri alifika.

Aliporudi alikuta makundi yanagombana upya, na jamaa yake, Peisistratos, anapendwa kuliko wote. Siku moja Peisistratos aliingia sokoni ana majeraha, akidai maadui wamemshambulia. Mkutano ukampa walinzi wenye marungu. Solon, mzee tayari, alipinga, hakusikilizwa. Karibu mwaka 560 KK walinzi wale wale waliiteka ngome ya mji. Inasimuliwa kwamba Solon alichukua silaha zake akaziweka nje ya mlango wake, akaingia ndani. Peisistratos hakumgusa, na sheria zake nyingi aliziacha zifanye kazi. Ukoo huo ulitolewa mwaka 510 KK, na miaka 2 baadaye Kleisthenes alipoanza kuipanga Athens upya, alikuta mkutano wa raia na mahakama vipo, na watu wanajua kuvitumia.