Michael Wood: Daktari Aliyerudishia Watu Sura Zao

Ukitaja upasuaji wa plastiki, wengi wetu tunafikiria tu mastaa wanaochongwa pua. Kumbe kazi hii ina pande mbili: kuna ya urembo, na kuna ya kurekebisha aliyeungua, aliyezaliwa na mdomo uliopasuka au aliyeng'atwa na fisi. Daktari Michael Wood alichagua hiyo ya pili. Hakuwa Muislamu, lakini maisha yake yana funzo kwetu.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1918, akaja Kenya mwaka 1947 pamoja na mkewe Susan. Miaka ya 1950 alirudi Uingereza kujifunza kwa Archibald McIndoe, bingwa aliyetibu marubani walioungua nyuso na mikono katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa ujuzi ule angeweza kukaa London ahudumie matajiri. Yeye akarudi Afrika Mashariki, ambako mabingwa wa fani hiyo walikuwa hawapatikani.

Shida ilikuwa umbali. Mtoto aliyeungua, kovu likamkunja vidole, angefikaje Nairobi na barabara hakuna? Wood akajifunza kurusha ndege ili daktari amfuate mgonjwa. Mwaka 1956, yeye, McIndoe na Mmarekani Tom Rees walipanga mpango huo karibu na Mlima Kilimanjaro, na mwaka 1957 shirika likaanzishwa. Ndilo Amref la leo, lenye makao yake Nairobi. Rees mwenyewe alikuja kuwa bingwa mashuhuri wa urembo New York, lakini hata yeye alikuja huku kuwapasua maskini. Wood aliliongoza shirika hilo kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1987.

Sasa kuna kijana atauliza, je, hii sio kubadilisha maumbile ya Allah (S.W.)? Tukumbuke kisa cha Arfajah bin As'ad (R.A.), kilichopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha, ikatoa harufu mbaya. Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Ndiyo maana wanazuoni wanatofautisha kuondoa madhara na kubadilisha kilicho kizima kwa ajili ya urembo tu.

Basi wewe mwanafunzi wa hapa Garissa, Wajir au Mandera, usiogope fizikia na kemia. Udaktari ni miaka 6 chuoni, mwaka 1 wa mafunzo kazini, kisha ubingwa juu yake. Ni safari ndefu, na pesa nyingi ziko kwenye urembo. Lakini jiulize: yule binti anayejifunika uso kwa sababu ya kovu la moto, wala sio kwa sitara, nani atamsaidia kama sio wewe?

Wazazi nao wasiseme kazi hii ni ya watu wengine. Mwezi huu wa dua, tuwaombee watoto wetu elimu yenye manufaa. Allah atutakabalie saumu zetu. Amin.