Shekhar Mehta: Bingwa wa Safari aliyeshinda mara tano bila tabo wala supachaja

KWA wenye magari ya zamani yenye injini kubwa, lipo swali ambalo halikosi kurudi. Gari likianza kuonekana zito mbele ya magari ya kisasa, je, liongezewe nguvu kwa tabochaja, kwa supachaja, au liachwe livute hewa kwa pumzi zake lenyewe? Kwa kawaida jibu hutafutwa katika bei ya vifaa na katika hesabu ya nguvu za farasi. Ni nadra kutafutwa katika maisha ya mtu. Hata hivyo, yuko dereva wa Afrika Mashariki ambaye kazi yake yote ilipita katikati ya swali hilo. Huyo ni Shekhar Mehta, aliyefariki dunia mwaka 2006 akiwa ameshinda mashindano ya Safari mara tano.

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda kaskazini anaweza kukiona kiini cha swali hilo bila kufungua boneti. Akishapita Chalinze na Mkata, hufika Kabuku, wilayani Handeni, katika ukanda wa mashamba ya mkonge, na baada ya hapo Segera, ambako barabara hugawanyika: kulia kwenda Tanga, kushoto kwenda Korogwe. Akishika ya kushoto hadi Mombo, kisha akapandisha milima ya Usambara, atafika Lushoto, yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Katika safari ya saa chache injini imetoka kwenye joto la tambarare, imemeza vumbi, imepanda kona kali na kuingia katika hewa nyepesi ya milimani. Barabara za namna hiyo ndizo zilizoyapa mashindano ya Safari sifa yake ya kuvunja magari.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kuanzia mwaka 1960 yalijulikana kama East African Safari, na mwaka 1972 yalianzia Dar es Salaam. Mwaka 1974 yalichukua jina la Safari Rally, ambalo ndilo linalojulikana hadi leo.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia yenye asili ya India iliyokuwa na uwezo mkubwa na mashamba. Alianza mbio za magari akiwa kijana wa miaka 21, kwa gari la BMW. Mwaka 1972, utawala wa Idi Amin ulipowafukuza Waasia na kuwapa siku 90 za kuondoka, familia yake ilikuwa miongoni mwa zilizoiacha nchi hiyo. Yeye alihamia Kenya, na kuanzia hapo jina lake likawa la Nairobi.

Kabla ya kuhama alikuwa amekwisha kujulikana. Mwaka 1971 alimaliza wa pili katika Safari akiendesha Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari kama hilo. 240Z ni gari ambalo hadi leo wapenzi wa magari ya zamani hulitafuta kwa udi na uvumba. Lilikuwa na injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari, ujazo wa lita 2.4, ikilishwa mafuta kwa kabureta mbili. Halikuwa na tabo wala supachaja. Nguvu zake zilitokana na ukubwa wa injini, na uimara wake ulitokana na usahili wa vyuma vyake.

Mwaka 1973 Mehta alirudi na gari hilo hilo, akiwa na Lofty Drews kama dereva mwenza. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa mashindano ya dunia ya mbio hizo, na Safari ilikuwa sehemu yake. Mwisho wa mbio, Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa katika Datsun, walilingana kwa pointi za adhabu. Mehta alipewa ushindi kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu. Hivyo taji lake la kwanza halikutolewa kwa kasi peke yake. Lilitolewa kwa gari lililokwenda mbali zaidi bila adhabu.

Kabla ya kufuata yaliyotokea baadaye, inafaa kueleza vifaa vyenyewe. Injini hupata nguvu kwa kuunguza mafuta pamoja na hewa, na hewa ikiwa nyingi zaidi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuunguzwa. Supachaja na tabochaja zote mbili ni pampu za kusukumia hewa ndani ya silinda. Tofauti iko katika kinachoziendesha. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe, mara nyingi kwa mkanda. Dereva akikanyaga, nguvu huja papo hapo, lakini sehemu ya nguvu hizo hutumika kuizungusha pampu. Tabochaja huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, moshi ambao vinginevyo ungepotea bure. Wazo hilo lilisajiliwa mwaka 1905 na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi.

Faida ya tabo ina gharama zake. Gurudumu lake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, likiwa limezungukwa na moshi wa moto mkali, na uhai wake hutegemea oili safi isiyokatika. Aidha, katika tabo za miaka ya 1970 na 1980 dereva alikanyaga, akasubiri, kisha nguvu zikaja kwa mkupuo. Kwenye lami iliyonyooka jambo hilo huvumilika. Kwenye kona ya tope, au kwenye jiwe lililojificha ndani ya vumbi, laweza kumtoa mtu barabarani.

Mehta alifikia kilele chake wakati viwanda vingi vilikuwa bado havijaliamua suala hilo. Mwaka 1979 alishinda Safari kwa Datsun 160J, akiwa na Mike Doughty. Aliyemfuata alikuwa Hannu Mikkola wa Finland katika Mercedes-Benz 450 SLC, gari lenye injini ya silinda nane na ujazo wa lita 5. Injini ya Datsun ilikuwa na silinda nne, na ujazo wake haukufikia nusu ya huo. Mwaka 1980 Mehta alishinda tena, akifuatiwa na Rauno Aaltonen, naye katika Datsun. Mwaka 1981 akashinda kwa Violet GT, na mwaka 1982 akashinda kwa mara ya nne mfululizo, akimtangulia Walter Röhrl wa Ujerumani aliyekuwa na Opel Ascona 400. Katika ushindi wote huo, magari yake yalivuta hewa kwa njia ya kawaida.

Uamuzi wa kutumia injini hizo ulikuwa wa kiwanda, si wake peke yake. Sifa ya Mehta ilikuwa katika kujua afanye nini na gari la namna hiyo. Mashindano ya wakati huo yalichukua siku kadhaa na maelfu ya kilomita, kwenye barabara ambazo hazikufungwa kwa wananchi wengine. Aliyekimbia kupita uwezo wa gari aliishia kando ya njia akisubiri mafundi. Mehta alijifunza kulitunza gari asubuhi ili alikute bado zima jioni.

Mabadiliko yalikuja mara tu baada ya taji lake la tano. Mwaka 1983 Ari Vatanen alishinda kwa Opel Ascona 400 isiyo na tabo, lakini wa pili alikuwa Mikkola katika Audi Quattro, yenye tabo na nguvu katika magurudumu yote manne. Mwaka 1984 njia zote tatu zilikutana katika Safari moja. Toyota walileta Celica yenye tabo. Lancia ya Italia walileta gari lao la 037 lenye supachaja, ambalo mwaka uliotangulia lilikuwa limewapa taji la dunia la watengenezaji. Mehta alikuwa katika Nissan 240RS, yenye injini ya lita 2.4 bila tabo wala supachaja. Mshindi akawa Björn Waldegård wa Sweden katika Celica, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa gari lenye tabo katika Safari. Toyota walishinda pia mwaka 1985 kwa Juha Kankkunen, na mwaka 1986 kwa Waldegård tena. Katika mbio hizo za 1986, Lancia 037 ya Markku Alén ilimaliza ya tatu.

Matokeo hayo yana sababu zake. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko mgandamizo wa hewa hupungua kwa karibu moja ya tano. Injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Supachaja nayo huathirika, kwa sababu kasi yake imefungwa na kasi ya injini: ikipewa hewa nyepesi, husukuma hewa nyepesi. Tabo huweza kuzunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya pengo hilo. Lakini faida hiyo ilikuwapo hata kabla ya mwaka 1984. Kilichokuwa kimekosekana ni gari lenye tabo linaloweza kustahimili joto, vumbi na makorongo hadi mwisho. Celica ya Toyota haikuwa na magurudumu manne ya kuvuta kama Audi. Ilikuwa gari la muundo wa kawaida, imara, lililoandaliwa mahsusi kwa Safari. Kwa maneno mengine, tabo ilishinda ilipowekwa ndani ya gari lenye tabia zile zile zilizompa Mehta mataji yake.

Mehta hakubaki kuwa mtu wa kale. Mwaka 1986 aliingia katika Safari akiendesha Peugeot 205 Turbo 16, mojawapo ya magari yenye nguvu kuliko yote ya wakati wake. Hakushinda. Mwishoni mwa mwaka huo magari ya kundi hilo yalipigwa marufuku katika mashindano ya dunia, baada ya ajali zilizoua madereva na watazamaji barani Ulaya.

Kwa mwenye 240Z au gari jingine la rika lake, historia hiyo ina somo la vitendo. Injini ya zamani ilibuniwa kubana hewa kwa kiwango fulani. Ikisukumiwa hewa zaidi bila marekebisho, mafuta hulipuka kabla ya wakati na pistoni hutoboka. Nissan wenyewe walipoiwekea tabo 280ZX mwaka 1981, gari la ukoo ule ule wa 240Z, walishusha mgandamizo wa injini hadi 7.4 kwa 1. Anayeendesha zaidi mijini na kwenye tambarare, akitaka nguvu zinazokuja mara moja na kwa ulaini, ataridhika na supachaja. Anayepanda milima mara kwa mara, na aliye tayari kugharimia oili bora, rejeta kubwa na kipoza hewa, atapata zaidi kutoka kwenye tabo. Lakini breki, rejeta, mfumo wa mafuta na hali ya injini yenyewe vinatangulia yote hayo. Asiyeweza kuvigharimia hivyo, heri aliache gari kama lilivyotoka kiwandani. Gari la namna hiyo lilitosha kumpa Mehta ushindi dhidi ya Mercedes ya lita 5.

Safari yake kama dereva ilikatishwa mwaka 1987, alipoumia vibaya katika mashindano ya Mafarao nchini Misri. Baada ya kupona, aligeukia uongozi wa mchezo huo. Alitumikia Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, hadi kuongoza tume yake inayosimamia mbio hizo, nafasi ambayo watu wachache wa Afrika wamewahi kuishika katika mchezo uliotawaliwa na Ulaya. Mke wake, Yvonne, naye alikuwa mwanamichezo wa mbio hizo na aliwahi kuketi kando yake kama dereva mwenza.

Akiwa katika uongozi huo, Mehta alishuhudia Safari ikitolewa katika kalenda ya dunia baada ya mbio za mwaka 2002. Alifariki dunia jijini London, Aprili 12, 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Hakuwahi kuiona ikirejea mwaka 2021, kuzunguka Naivasha, ikiwa na magari ya daraja la juu ambayo yote yana tabo. Katika hoja ya nguvu, tabo imeshinda. Katika hoja ya kufika, magari hayo bado hupasuka magurudumu na kuvunjika vyuma katika mawe yale yale ya Kenya, na mshindi bado hupatikana miongoni mwa wanaojua wakati wa kupunguza mwendo.